Mikono Nyuma

Wiki jana, katika mgahawa ulio chini ya ofisi yetu hapa mtaa wa Olaya, Uarabuni, mwenzangu wa kazini aliacha mkoba wake juu ya meza akaenda kunawa mikono. Ulikuwa mkoba wa ngozi, rangi ya asali, zipu wazi, na simu na pochi nyekundu zikichungulia. Hakuniomba nimwangalizie. Aliuacha tu, kama mtu anavyoacha kijiko.

Mwenzangu huyu ni Mwingereza. Anatoka katika mji mdogo wenye kanisa kubwa la mawe, mto, na soko la kila Jumamosi ambako wakulima huleta jibini na mayai. Asubuhi hiyo alikuwa akinisomea kwenye simu malalamiko ya majirani zake wa zamani. Baiskeli imechukuliwa uani. Banda la vifaa vya bustani limevunjwa. Vijana wamepasua kioo cha duka la mikate.

"Mama yangu siku hizi anafunga mlango kwa kufuli mbili kabla jua halijazama," alisema. "Na huo ni mji ambao watu wanahamia ili wapate utulivu! Hapa je? Naacha mkoba popote, nikirudi naukuta. Huu ndio usalama."

Akaenda. Mimi nikabaki na mkoba.

Kulikuwa na msichana aliyekuwa akifuta meza, Mkenya, nilimjua kwa namna alivyomwambia mwenzake "si unipitishie hiyo ndoo". Alifuta meza ya kulia kwetu, akafuta ya kushoto, akaizunguka yetu, akasimama mbali kidogo na kitambaa chake. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mikono yangu haikuwa mezani. Ilikuwa nyuma ya kiti, vidole vimefumana, na kahawa yangu ilikuwa imeanza kupoa.

Nataka kueleza habari ya mikono hii, polepole. Wengi wa rika langu tuliolelewa pembeni mwa nyumba za watu tunayo, na hatujawahi kuambiana. Kama wewe ni mmoja wetu, usione haya. Hukuzaliwa nayo. Ulifundishwa, na aliyekufundisha alikuwa anakupenda.

*

Niliishi Jeddah tangu nikiwa na miaka minne hadi minane, mtaa wa Aziziya, katika chumba kimoja juu ya paa la nyumba ya orofa mbili. Baba alikuwa dereva wa nyumba hiyo. Mama alikuwa mfanyakazi wa ndani. Ni nadra mume na mke kuajiriwa na kafili mmoja, yaani mwajiri anayekudhamini nchini, na ni nadra zaidi kuruhusiwa mtoto. Madam, mwenye nyumba, alikubali mmoja tu. Baba alitusimulia masharti yake mara nyingi, akiigiza sauti: "Mmoja, Meri. Mdogo. Na asiwe mtoto wa kushikashika."

Basi mimi nilikuja, na kaka yangu Mwadime, aliyekuwa na miaka sita, akabaki kwetu Taita na Nyanya. Hilo la nani aje na nani abaki liliamuliwa kwa kipimo hicho: nani mdogo, nani si wa kushikashika.

Nyumba ile bado naisikia puani. Udi wa jioni, dawa ya kung'arisha vigae, mvuke wa pasi, na chini ya vyote hivyo joto la ukuta lenye harufu ya vumbi lililolowa. Juu kwetu kulikuwa na matangi ya maji, kamba za nguo, na kiyoyozi cha dirishani kilichonguruma kama mtu mwenye mafua. Sikwenda shule. Mama alinifundisha kusoma kwa vitabu viwili alivyotoka navyo nyumbani, na ilipofika saa ya kazi nilishuka naye, nikakaa alipo.

Kila mtu aliniambia kwamba tunaishi mahali salama. Baba alinionyesha mwenyewe. Alinipeleka dukani siku moja, adhana ikalia, na mwenye duka la viatu akafunika mali yake yote kwa shuka akaenda kuswali. Hakufunga mlango.

"Umeona, Wakio?" Baba alinong'ona. "Kwetu hii shuka ndiyo ingeondoka kwanza."

Tulicheka sana. Niliiangalia shuka ile kwa heshima. Niliamini kwamba wezi ni ugonjwa wa nchi nyingine, kama malaria, na kwamba Jeddah walishautokomeza.

Sikatai hata leo. Mitaa ile ilikuwa salama. Mtu angeweza kutembea na begi wazi na hakuna ambaye angelishika. Ninachokataa ni watu kuniambia usalama ule ulitoka hewani. Mimi nilimwona mtu aliyekuwa akiutengeneza kila siku, kwa mikono yake, na hakuna aliyemshukuru.

Mama alikuwa na kanuni moja ya kazi. Akikuta kitu cha thamani mahali kisipostahili kuwa, hakigusi. Anaweka kitambaa chini, anapeleka mikono yote miwili nyuma, anaita: "Madam, njoo uone." Anasimama hivyohivyo mpaka madam afike, hata kama ni robo saa. Nilimwona akisimama mbele ya hereni iliyokuwa kwenye sinki. Nilimwona mbele ya saa ya bosi, mumewe madam, iliyokuwa ndani ya kiatu, na mbele ya pete iliyokuwa katikati ya ngazi ya tatu, mahali ambapo pete haiwezi kuanguka yenyewe. Alifuta ngazi ya pili, akaruka ya tatu, akafuta ya nne, akaita.

"Na wewe," aliniambia, "ukiona kitu, mikono nyuma. Halafu uite."

"Kwa nini nyuma?"

"Ili kila mtu aione haina kitu."

Nilijibu kwamba mikono ikiwa nyuma ndiyo haionekani. Alikikamua kitambaa chake, akasema, "Fanya tu."

Sasa sikiliza nilivyoelewa mimi. Niliona kwamba katika nyumba ile vitu vya madam vilizagaa, leo hereni, kesho pete. Yeye huja, hukiokota kitu chake bila kusema neno, humtazama Mama usoni kidogo, na huondoka. Nikahitimisha kwamba madam ni msahaulifu. Nilimhurumia kweli. Usiku nilipoomba niliongeza jina lake: Mungu amsaidie madam asisahau vitu vyake. Baba aliposikia sala hiyo alitoka nje kwenye matangi, na nilisikia akikohoa kwa kujizuia asicheke. Mama hakucheka.

Hakuna aliyenieleza kwamba vitu vile viliwekwa makusudi. Hata wewe usingemweleza mtoto wa miaka minane. Ungeanzia wapi?

Kulikuwa na jambo jingine. Katika ujia wa kwenda chumba cha kufulia, juu ya kabati la viatu, kulikuwa na kitu cha mviringo chenye taa ndogo nyekundu. Nilimuuliza Baba ni nini. "Hicho kinatulinda sisi sote," alisema. Nililichukua neno "sote" kama lilivyo. Kila asubuhi nilipopita chini yake nilikipungia mkono, nikakisalimu kwa Kiarabu, kwa kuwa niliona ndiyo lugha yake.

*

Mwaka ule wa nne, Mama alipata ruhusa ya kwenda nyumbani. Miezi miwili. Angenipeleka nianze shule, akae na Mwadime, kisha arudi peke yake. Tiketi ilikuwa ya Alhamisi. Bosi alikuwa ameshatoa karatasi ya kutoka na kurudi, ile ambayo bila hiyo hata ukiwa na tiketi na ikama, kibali cha ukaazi, mkononi uwanja wa ndege haukupitishi. Madam hakufurahi, maana Ramadhani ilikuwa imebaki wiki mbili, lakini dada yake alikuwa amekubali kumwazima mfanyakazi wake.

Mwadime alipopigiwa simu hakuuliza zawadi. Aliuliza, "Mama, utavaa nini?"

"Kwa nini?"

"Nikija Voi kukupokea. Nitakujuaje?"

Mama aliihamishia simu sikio la pili. Alikuwa amemwacha wa miaka sita, sasa alikuwa wa kumi, na picha walizotumiana zilikuwa ndogo kama kucha.

"Nitavaa gauni la manjano," alimwambia. "Ukiona manjano, ni mimi."

Hakuwa na gauni la manjano. Baba alilinunua sokoni siku ya pili, kali kama ganda la ndimu iliyoiva. Mama alilikunja akaliweka juu kabisa ndani ya sanduku, akalisukuma sanduku chini ya kitanda. "Hapa hakuna mkono utakaogusa," alisema, "mpaka Voi." Alikuwa akinionya mimi. Mimi nikasikia kwamba sanduku lile ndilo mahali salama kuliko pote katika Jeddah iliyo salama.

Jumapili asubuhi nilishuka kuchukua vibanio vya nguo. Juu ya mfuniko wa mashine ya kufulia kulikuwa na bangili. Dhahabu nene, imechongwa majani. Nilipeleka mikono nyuma, nikaita, "Madam, njoo uone."

Madam alikuwa chumba cha mbele, anaongea na simu. Hakuja. Mashine ilikuwa inazunguka, imefika pale panapotetemesha hadi vigae, na bangili ilikuwa inacheza, inasogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Nyuma ya mashine kulikuwa na bomba la maji machafu.

Masikini madam, niliwaza. Hii atasahau moja kwa moja.

Nikaishika.

Nilipotoka kwenye ujia nilisimama chini ya taa nyekundu, nikainua bangili juu kwa mikono miwili, mlinzi wetu aione na ajue iko kwa nani. Nikapunga. Kisha nikapanda ngazi za nje hadi kwetu, nikavuta sanduku, nikaizungushia gauni la manjano, nikarudisha sanduku mahali pake.

Utaniuliza kwa nini sikusema papo hapo. Nimejiuliza hilo maisha yangu yote, na jibu ni dogo: nilitaka kusifiwa. Nilipanga kusubiri mpaka madam aanze kuitafuta, ahuzunike kidogo, halafu mimi nimwambie, "Usilie, ninayo." Nilishaiona sura yake. Nilishaona akiniita binti yangu.

*

Adhuhuri madam aliita. Haikuwa sauti ya mtu aliyepoteza kitu. Ilikuwa imenyooka kama rula.

"Meri! Mwite na mume wako. Yalla."

Walisimama sebuleni, mimi nyuma ya gauni la Mama. Bosi alikuwa ameketi, anahesabu tasbihi. Madam alisimama.

"Bangili yangu ilikuwa juu ya mashine. Sasa mafi, haipo. Iko wapi?"

"Sijaiona, madam," Mama alisema. "Leo sijafika kwenye mashine. Nilikuwa chumba cha wageni."

"Mimi nimekuuliza iko wapi. Sijakuuliza ulikuwa wapi."

"Madam, sijui."

"Katika nyumba hii hakuna mwizi. Katika mtaa huu hakuna mwizi. Nimezaliwa Jeddah, sijawahi kufunga gari langu." Aliinua kidole, akakielekeza juu, kwenye dari, kwenye chumba chetu, au kwenye mbingu. "Wezi huku wanakuja kwa ndege."

Baba aliingilia. Alizungumza kwa adabu ya kazi, mikono mbele ya tumbo. "Bosi, wallahi, pandeni mpekue chumba chetu. Sasa hivi. Tutakaa hapa hapa."

Bosi alimtazama madam. Madam alitabasamu kidogo. "Bado," alisema.

Neno hilo lilimsumbua Mama siku tatu. "Kwa nini hawaji kupekua?" alimwuliza Baba juu. "Mtu aliyeibiwa anapekua. Kwa nini hapandi?"

Na mimi? Nilikaa kimya. Ile sura niliyoipanga haikuwepo. Mwanamke aliyekuwa pale chini hakuwa msahaulifu niliyemwombea. Kila saa iliyopita ilikuwa inanifanya mkosaji zaidi, na kila nilipozidi kuwa mkosaji ndivyo nilivyozidi kushindwa kusema. Kama uliwahi kunyamaza hivyo ukiwa mdogo, nakuambia leo: hukuwa mwovu. Ulikuwa na hofu, basi.

Lakini nilichokiona sitakisahau. Mama aliivuta mashine ya kufulia peke yake mpaka ikakwaruza vigae. Aliingiza mkono kwenye bomba hadi kwenye kiwiko. Alifungua mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi, akaumwaga juu ya gazeti, akaupitisha ule uchafu wote katikati ya vidole, nywele na makombo na mchanga, mara mbili. Madam alipita na kikombe cha chai, akasimama mlangoni akimtazama.

"Endelea, Meri," alisema. "Tafuta vizuri."

Jumatano alasiri Mama alivuta sanduku ili apige pasi gauni la manjano. Alilikunjua kwa mkupuo mmoja, kama mtu anavyokunjua shuka, na bangili ikaruka, ikagonga sakafu, ikaviringika mpaka mguuni pa kitanda.

Hakupiga kelele. Alipeleka mikono nyuma. Alisimama katikati ya chumba chetu wenyewe, mbele ya sanduku letu wenyewe, mikono nyuma.

Baba aliingia na funguo za gari, akaiona. "Mungu wangu. Mama Mwadime."

"Sikuiweka mimi."

"Najua." Alifunga mlango kwa mgongo. "Sikiliza. Nipe. Nashuka nayo sasa, naitia nyuma ya mashine. Kesho asubuhi 'nitaiona'. Saa nane mko angani."

"Hapana."

"Ndege ni kesho!"

"Miaka minne sijagusa kitu cha mtu katika nyumba hii. Miaka minne! Nianze leo? Na wakikukuta nayo mfukoni kwenye ngazi?"

"Na wakiikuta hapa?"

Hapo nikalia. Nililia kwa sauti mpaka Baba akanifunika mdomo, na kwenye kiganja chake nikayasema yote: mashine, mtetemo, bomba, sanduku lisiloguswa. Baba aliketi kitandani. Mama alipiga magoti mbele yangu.

"Ulimwita madam?"

"Nilimwita."

"Mara ngapi?"

"Moja."

"Ungemwita mpaka jioni, Wakio," alisema. "Ungesimama pale ukaita mpaka jioni." Hakunipiga. Ningependa angenipiga.

Kisha alikwenda kwenye ngazi, akainama, na nikasikia maneno yale niliyoyasikia mara nyingi kuliko jina langu: "Madam, njoo uone."

Ilikuwa mara ya kwanza madam kupanda kwetu. Alikuja na bosi, ameshika upindo wa abaya usiguse vumbi. Bangili ilikuwa bado mguuni pa kitanda. Mama alisimama kando yake, mikono nyuma, akasema ukweli wote, wangu pia, kwa Kiarabu chake cha jikoni.

Madam aliinama, akaiokota, akaivaa. Na akacheka. Kicheko kizuri, cha mtu aliyeshinda mchezo.

"Umechelewa, Meri. Lakini umesema. Mumtaz, vizuri sana!"

Walitushusha hadi chumba cha bosi, ambacho sikuwahi kuingia. Kulikuwa na kioo mezani. Bosi alibonyeza, na katika kioo kile nikaona ujia, kabati la viatu, na mtoto mwembamba aliyekuja chini yake, akainua bangili kwa mikono miwili, akapunga mkono. Alikuwa anatabasamu. Alikosa jino moja la mbele.

"Nilijua tangu Jumapili," madam alisema. "Nilitaka kuona wewe utafanya nini. Utasema, au utaondoka nayo." Akamshika Mama mabega, akambusu shavu la kulia na la kushoto. "Halas, yamekwisha. Sasa nakuamini."

Baba ndiye aliyesema, taratibu sana. "Kwa hiyo kesho, bosi, niwapeleke uwanja wa ndege saa ngapi?"

Bosi alizungusha tasbihi. Karatasi ya kutoka, alisema, aliifuta Jumapili jioni. Tahadhari tu. Kupata nyingine ni baada ya wiki ijayo.

"Na wiki ijayo ni Ramadhani karibu," madam aliongeza, akimpapasa Mama mkono. "Yule wa dada yangu simjui mikono yake. Wewe nakujua. Utakwenda baada ya Idi, inshallah."

Ndivyo ilivyokuwa. Angeonekana mwizi, angerudishwa kwao kwa ndege ya kwanza. Alionekana mwaminifu, akazuiwa.

*

Baba alipiga simu kwa Nyanya usiku kucha. Haikushika. Nyanya na Mwadime walikuwa wameshateremka Voi kulala kwa jamaa, ili wasichelewe.

Mwadime alinisimulia mwenyewe, tukiwa wakubwa. Ijumaa ile alikaa kwenye benchi la mabasi tangu asubuhi. Waliopita wamevaa manjano walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa mzee. Wa pili alikuwa na mtoto mgongoni, naye akafikiri labda Mama amepata mwingine asiwaambie, akamfuata. Wa tatu alimfuata mpaka nje ya duka la nyama, hadi yule mwanamke alipogeuka na kumwuliza, "Wewe mtoto wa nani, mbona unanifuata?" Hakuweza kujibu. Kwa kweli hakuwa na uhakika.

Tulifika baada ya Idi. Mama alivaa lile gauni la manjano, ingawa lilikuwa na alama ya mkunjo ambayo pasi haikuitoa. Benchini hapakuwa na mtu. Tulimkuta Mwadime nyumbani, anapasua kuni. Aliweka shoka chini, akajipangusa, akaja mbele yetu, mikono nyuma, akasema, "Shikamoo," kwa adabu anayosalimiwa nayo mgeni.

Mama aliitika, "Marahaba." Akaingia ndani na kubadili nguo. Gauni lile sikuliona tena.

*

Mwenzangu alirudi, anapangusa vidole kwa karatasi. Aliutazama mkoba wake, kisha akanitazama mimi kwa furaha.

"Umeona? Uko palepale. Kwetu ningekuta meza tupu."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Mimi ni mtu wa kueleza, wanaonijua wanajua. Ningemweleza kwamba mji wake, wenye baiskeli zinazoibwa na mama zake wa kufuli mbili, una bahati moja asiyoiona: baiskeli ikipotea pale, watu wanauliza imekwenda wapi. Hawaanzi kwa kuinua kidole kwenye dari. Lakini mapumziko yetu yalikuwa yanakwisha, na msichana wa meza alikuwa bado amesimama pembeni na kitambaa chake.

"Naomba usiuache tena mbele yangu," nilimwambia.

Alicheka. "Mbona? Nakuamini!"

"Najua. Ndiyo maana nakuomba."

Kicheko kilimwishia polepole. Aliutazama mkoba, akanitazama, akaitazama mikono yangu ilipokuwa. Sijui alielewa kiasi gani. Aliuchukua, akafunga zipu, akauweka mapajani pake.

Msichana alisogea. Alifuta meza yetu yote, upande wake na upande wangu, na pale katikati ulipokuwa mkoba akarudia mara mbili. "Kahawa yako imepoa, dada," aliniambia kwa Kiswahili. "Nikuletee nyingine?"

"Niletee," nilisema, na nikaweka mikono mezani.